Jeki gani ubebe ukienda porini, na kwa nini ubao ni nusu ya jeki

Kila mvua zikikaribia kuna mtu lazima anipigie, "kaka nataka kununua jeki ya porini, nichukue ya tani ngapi?" Na mimi badala ya kumjibu namuuliza huko unakokwenda udongo wake ukoje, na gari lako bampa lake ni chuma au plastiki, anaona kama namzungusha tu. Simzungushi. Tani ndo kitu cha mwisho kabisa kuuliza kwenye jeki, ila kwa sababu ndo kilichoandikwa kwa herufi kubwa pale ubavuni basi watu wote wanaanzia hapo.

Hili nililijua kwa shida. Mwezi wa pili, Ndutu, nyumbu wanazaa, kila gari la watalii Arusha nzima liko kule, na sisi tuko na Land Cruiser ya kukodi tumekatiza sehemu ambayo juu imekauka vizuri tu imepasukapasuka, kumbe chini ni uji. Ule udongo mweusi wa mbuga si unaujua, ukiwa mkavu ni sementi, ukilowa ni ugali. Tairi la nyuma kushoto likaingia mpaka rimu yote ikapotea, gari likakalia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Nikasema hamna shida, tuna jeki, jeki yenyewe mpya ya chupa, zile fupi nene za mafuta, nyekundu, imeandikwa TANI 10. Tukachimba, tukaisimamisha chini ya ekseli, tukaanza kupampu. Ile shina inatoka vizuri kabisa, unaisikia inavyofanya kazi, lakini gari limetulia tu haliendi popote, kuja kuangalia vizuri kumbe jeki ndo inayoshuka. Tukaitoa, tukaweka kapeti la gari chini yake, ikameza kapeti na yenyewe. Mara ya tatu ikazama yote, tukawa tunaitafuta kwa mikono kama watu wanaotafuta kambare. Tani 10 zilikuwepo, hazikuwa na pa kukanyagia tu.

Hebu tupige hesabu kidogo maana hapa ndo kila kitu kinaanzia. Chukua Land Cruiser imejaa watu, mafuta na mizigo, inacheza kwenye tani 3, na nyuma ndo kuzito zaidi, kwa hiyo tairi moja la nyuma weka kilo 900. Tairi ukiwa umelijaza PSI 35 (PSI ndo kipimo cha upepo wa tairi), linavyoikandamiza ardhi inakaribiana na upepo uliomo ndani, yaani kama kilo 2.5 kwa kila sentimita moja ya mraba, na kwa kilo hizo mbili na nusu tu limeshazama. Sasa njoo kwenye jeki ya chupa, kitako chake ni kama sm 10 kwa 10, mzigo ni uleule kilo 900, hapo unakandamiza kilo 9 kwa kila sentimita. Ardhi iliyoshindwa kubeba kilo 2.5 unaitwika 9 halafu unashangaa jeki imekwenda wapi! Hailifti, ile jeki ndefu yenye matundu, kitako chake ni kama sm 10 kwa 18, nayo inakuja kilo 5, nafuu kidogo lakini bado ni mara mbili ya tairi. Sasa weka chini yake ubao wa sm 40 kwa 50, mzigo uleule unagawanyika kwenye sentimita 2,000, inabaki chini ya nusu kilo. Nusu kilo hata lile tope la Ndutu linabeba, labda ushuke inchi moja mbili afu utulie.

Ndo maana nasema ubao ni nusu ya jeki, tena ni nusu ya bei rahisi. Usichukue mbao nyembamba ya dari itapasuka katikati, chukua mti mgumu, mninga au mkongo, unene wa inchi 2, au plaiwudi mbili tatu zimegandishwa pamoja, toboa tundu moja pembeni upitishe kamba ya kuuchomolea maana tope likiukamata hautoki kirahisi. Kama una hailifti pigilia vipande vinne vidogo juu ya ubao kuzunguka kitako chake ili isiteleze. Kapeti la gari siyo ubao. Spea tairi ikilazwa chini inaweza kuwa ubao siku ya shida, mimi nimeshafanya, lakini lazima kitako kikae kwenye rimu siyo kwenye mpira.

Kitu kingine ambacho watu wanachanganya ni kwamba jeki haikutoi kwenye tope. Inakupa nafasi tu. Unanyanyua tairi, unajaza pale shimoni mawe, matawi makavu, vibao vya kutokea au chochote ulichonacho, unashusha, ndo unaondoka. Kwa hiyo unachotaka siyo gari liende juu, unataka TAIRI liende juu, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, mtu ambaye hajawahi kuvitenganisha atapampu mpaka kiuno kikatike.

Angalia. Ukishika gari kwenye bampa au chesisi ukaanza kunyanyua, bodi inapanda, lakini tairi halijui chochote, linabaki limelala kwenye tope kwa sababu springi zinafunguka. Zilikuwa zimekandamizwa na uzito, sasa uzito umeondoka zinanyooka, na kwenye gari la porini lenye springi ndefu unaweza ukapandisha bodi sm 15 hadi 20 za bure kabisa ndo tairi lianze kufikiria kusogea, na hapo gari limeshainuka juu limesimama kwenye chuma kimoja chembamba linayumba. Ukishika ekseli kwa chini, lile bomba linaloshika difu, kila sentimita unayopampu tairi nalo linapanda sentimita, hakuna cha springi hapo. Kwa gari lenye ekseli ngumu mbele na nyuma kama Land Cruiser za 70 au Defender za zamani hiyo ni raha. Tatizo gari likishakalia difu ekseli yenyewe iko ndani ya tope, utachimba na beleshi mpaka upate pa kupenyeza jeki, na ndo hapo mwenye hailifti anakucheka kwa sababu yeye anashika juu kwenye bampa hahitaji kuingia huko chini.

Mwenye hailifti naye ana namna mbili za kukwepa hiyo hasara ya springi. Ya kwanza afunge ekseli kwenye chesisi kwa mkanda wa kukaza kabla hajaanza kunyanyua, mkanda ule wa kufungia mizigo ya roli, hapo springi haziwezi kufunguka na tairi linafuata bodi. Ya pili ni ile ndoano yenye minyororo inayoingia kwenye matundu ya rimu, inapachikwa kwenye ulimi wa jeki, lile jino linaloshika gari, na unanyanyua tairi lenyewe moja kwa moja. Nzuri sana, ila inataka rimu yenye matundu, na mkono wako usiwe kati ya rimu na bodi.

Sasa tuiongelee hiyo hailifti maana ndo kila mtu anaitaka, inapendeza ikifungwa juu ya keria, gari linaonekana limekwenda mahali. Hi-Lift yenyewe ni kampuni ya Bloomfield, Indiana, Marekani, jeki hii iko tangu 1905 na ukiangalia umbo lake halijabadilika kivile, ni nondo bapa yenye matundu, juu yake kuna kichwa chenye pini mbili zinazopanda tundu kwa tundu kwa zamu kama mtu anayekwea mnazi, moja inashika nyingine inahama. Zipo za inchi 36, 42, 48 na 60, wengi tunanunua 48, ina uzito wa kama kilo 13, na uwezo wake ni tani 2.1 hivi. Umeona? Jeki inayoheshimika dunia nzima ina tani mbili tu, na ile ya kwangu ya tani 10 ililala na kambare.

Faida yake inapanda juu sana, karibu mita nzima, na inaanzia chini kabisa. Pia inaweza kuvuta kama winchi ya mkono ukiwa na cheni, polepole mno, hatua kwa hatua, lakini ukiwa peke yako na gogo la kufungia liko mbele yako siyo mbaya. Ubaya wake ni mrefu kuueleza.

Kwanza inaua. Siongezi chumvi. Mkono wa ile jeki ukiwa umebeba mzigo unataka kurudi juu, na kama pini haijaingia sawasawa kwenye tundu ukauachia, unarudi kwa nguvu za gari zima na kilichopo njiani mara nyingi ni taya lako. Kwa hiyo kichwa kisiwe kati ya mkono na ile nondo hata siku moja, simama pembeni, shika kwa mikono miwili, sukuma mpaka usikie klik, na kila ukipumzika mkono urudishe juu uugemeze kwenye nondo uubane na kile kibanio chake. Wengi wanaumia wakati wa KUSHUSHA siyo kupandisha, maana ukishageuza ile swichi ya kushushia, kila hatua mzigo ndo unaousukuma mkono juu wewe unauzuia, watu wamechoka, wanaona kazi imeisha, wanaachia. Na lingine ambalo hata madereva wazoefu hawalijui, ili ishuke hatua kwa hatua inataka mzigo usiopungua kilo kama 70, mzigo ukiwa mdogo kuliko huo, kwa mfano tairi limeshagusa chini na bado swichi iko kwenye kushusha, kichwa chote kinateremka mara moja na mkono unachapa juu chini kama cherehani. Ukiona hivyo kaa mbali, usiukamate.

Pili haina msimamo. Ni mguu mmoja mwembamba, gari likipanda linaanza kuegemea, na kuna watu wanatumia hilo makusudi, wananyanyua mbele yote wanalisukuma gari lianguke pembeni litoke kwenye mtaro. Linafanya kazi kweli, nimeliona kwa macho yangu, ila wale jamaa walikuwa wanne na wote walikuwa wanajua kila mmoja anasimama wapi. Wewe na shemeji yako mliokuja pikiniki msijaribu.

Tatu, na hii ndo inayowaangusha wengi, gari lako huenda halina pa kuishikia. Prado mpya, Fortuner, Ranger, Harrier, haya yote mbele ni plastiki tupu, ukiweka ulimi wa hailifti pale unanyanyua bampa peke yake gari linabaki. Zile ngazi za pembeni za kupandia nyingi ni urembo, bati limefungwa na boliti tatu. Inataka bampa la chuma lenye matundu au mabomba ya pembeni yaliyofungwa kwenye chesisi yenyewe. Kama huna na huna mpango wa kuweka, hailifti kwako ni pambo la kilo 13, imekula kwako.

Jeki ya chupa bado naiheshimu pamoja na yaliyonikuta. Ni ndogo, ina nguvu, haichezi kama hailifti, na ikiwa na ubao chini na sehemu ya kuiweka juu kwa gari lenye ekseli ngumu hakuna kinachoishinda kwa kazi ya kawaida, pancha, kunyanyua tairi kidogo uweke mawe. Angalia tu vitu viwili. Urefu wake ikiwa imefungwa, kwa sababu tairi likiwa limeisha upepo ekseli inashuka na jeki iliyokuwa inaingia vizuri nyumbani haiingii tena, na upandaji wake, nyingi zinapanda kidogo halafu zinaishia hapo, kwa hiyo tafuta yenye skrubu ya kurefusha juu au beba kipande cha gogo cha kuiongezea chini. Isafiri imesimama, ikilazwa siku tatu njia ya makorongo inavuja au inaingiza hewa, halafu unapampu haipandi, au inapanda na kushuka yenyewe polepole, ambayo ni mbaya zaidi. Zile za skrubu tupu zinazokuja na Land Cruiser hazina mafuta, zinachosha mkono lakini hazishuki zenyewe, mimi siwezi kuitupa ya kwangu.

Jeki ya mkasi inayokuja na Noah, RAV4, Subaru, hiyo ni ya lami. Iache kwenye gari, usiitegemee.

Jeki za toroli za porini zipo pia, zenye matairi makubwa na sahani chini, zinapendeza, ila ni nzito na zinakula nafasi ya dumu la maji, hizo labda kama una trela.

Ya upepo ndo watu hawaielewi wakati kwa mchanga na tope ni kama imetengenezwa kwa ajili yake. Ni mfuko mkubwa wa turubai gumu, unaulaza chini ya gari, unachomeka bomba kwenye ekzosi, injini inaujaza moshi, gari linapanda. Bushranger wa Australia wanayo inaitwa X-Jack na wengine wengi wameiga. Mtu anauliza moshi tu utanyanyuaje gari? Rudi kwenye ile hesabu yetu. Mfuko wenye upana wa sm 70 una sentimita za mraba kama 3,800, ukiujaza upepo wa kilo 0.7 tu kwa kila sentimita, ambao ni kama wa mpira wa miguu, unapata nguvu ya tani 2 na nusu na zaidi. Na uzuri wenyewe, kile kilichopo ndani ndicho kinachoikandamiza ardhi, kilo 0.7, kwa hiyo hauzami, yaani wenyewe umekuja na ubao wake. Unasukuma bodi siyo ekseli kwa hiyo springi zitakula kidogo, sawa, lakini hauhitaji bampa la chuma wala nini, mwenye Prado ya plastiki huyu ndo wa kwake.

Shida zake ni za kwetu hukuhuku. Miiba ya migunga, ukiulaza bila kupangusa chini na bila kapeti juu na chini umekwisha, na kule juu kuna boliti za chesisi na bomba la ekzosi lenyewe ambalo ni la moto linayeyusha. Sasa hapa lile kapeti la gari ndo lina kazi. Na gari la zamani ekzosi imeoza ina matundu, moshi unavujia njiani mfuko haujai, utakuwa unakanyaga moto bure. Magari yenye ekzosi mbili usipoziba moja hakuna kitu. Mengi ya mifuko hii yana tundu la pili la kujaza kwa kompresa, hakikisha wa kwako unalo. Na gari likiwa juu ya mfuko linaelea, linacheza kama boti, kwa hiyo mtu asiingize hata mkono chini kabla hujaweka kitu kigumu.

Hilo la kitu kigumu ni kwa jeki zote. Spea tairi ishuke kwanza, isukumwe chini ya chesisi, ndo uanze kupampu. Jeki ikichomoka gari linaangukia spea. Halafu kabari kwenye matairi mengine, na handibreki usiiamini kwa kuisikia imekaza. Wenye Land Rover za zamani hasa, handibreki yao haishiki matairi, inashika shafti inayokwenda nyuma, sasa ukinyanyua tairi moja la nyuma ile difu inaliacha lizunguke hewani na lenzie lililo chini linakuwa huru, gari linaondoka na handibreki imevutwa mpaka mwisho! Funga difu ya katikati, weka gia, weka mawe.

Na mbugani kabla hujapiga magoti zunguka gari uangalie nyasi. Tairi linaweza kusubiri.

Mtu akinibana sana nitaje, nitasema hivi. Gari la ekseli ngumu lenye bampa za chuma linaloenda Ndutu, Katavi, Rufiji, beba hailifti halisi na mkanda wa kukaza, na ya chupa au ya skrubu kwa pancha. Prado, Fortuner na ndugu zao, mfuko wa upepo na chupa fupi, ukijua mbele halina ekseli ngumu kwa hiyo chupa inakaa chini ya ule mkono wa chini wa saspensheni, karibu na tairi kadiri inavyowezekana. Noah usiende. Wote ubao, wote beleshi, na wote mpunguze upepo wa tairi kwanza kabla hata ya kufungua buti, maana mara nyingi ukishusha mpaka PSI 18 gari linatoka lenyewe na jeki haijaguswa, ni hesabu ileile, umelipa tairi eneo kubwa la kukanyaga. Kompresa uwe nayo tu ya kujazia baadaye.

Kuhusu kununua hailifti, za kuigiza zimejaa, rangi ileile nyekundu, shika ile nondo uangalie kwa jicho moja kama imenyooka, ingiza pini kwa mkono uone kama zinarudi haraka au zinasita, na uliza boliti ya usalama iko wapi, ya kweli ina boliti inayokatika makusudi mzigo ukizidi tani 3 na kichwa kinabaki kimesimama. Muuzaji akikuambia "hii haikatiki kabisa bosi", rudisha.

Ukishainunua usiifunge mbele ya bampa au juu ya keria ikae miaka miwili inakula vumbi na mvua. Vumbi la Natron likikauka kwenye zile pini na mvua ikaongezea, siku ukiihitaji itapanda klik tatu itagoma, au itapanda vizuri afu igome kushuka na gari liko juu. Ikigoma mwagia maji, dizeli kidogo kwenye pini, gonga taratibu kwa kichwa cha spana mpaka uone inarukaruka. Usipake grisi, grisi inakamata mchanga inakuwa msasa. Ivalishe hata mfuko wa khaki.

Na kabla hujaenda popote, Jumamosi moja asubuhi liegeshe gari nyuma ya nyumba kwenye udongo siyo kwenye sementi, toa upepo wote kwenye tairi moja la nyuma mpaka rimu ikae, kisha toa jeki yako ulipoificha ujaribu kuipenyeza. Nimewafanyisha hivi jamaa zangu watatu. Wawili jeki haikuingia, na mmoja hakuwa na mkono wa kuipampia.